Mtoto wa Kiti cha Mbele

Kile kinyago kilikuwa kibaya, jamani. Sijui fundi aliyekichonga alikuwa amegombana na nani siku hiyo. Mdomo umekwenda upande, jicho moja kubwa kuliko mwenzake, na shingoni kimefungwa kibao kilichoandikwa SHULE YA MWISHO. Kilitolewa kwenye kikao cha tathmini, mbele ya walimu wa kata zote, baada ya matokeo ya darasa la saba. Mwalimu mkuu wetu aliitwa mbele akakipokea huku ukumbi mzima ukipiga makofi. Aliporudi kuketi akanisukumia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa taaluma na alama za shule zilikuwa mzigo wangu. Nikakipakata kwenye bodaboda kutoka mjini Shinyanga hadi shuleni kwetu, njia ya kwenda Didia. Dereva akaniuliza, "Madam, huyo ndugu yako anaumwa?" Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema.

Utaratibu ulikuwa kwamba kinyago kikae ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka shule nyingine iwe ya mwisho. Kikawekwa juu ya kabati la mafaili. Kila mgeni aliyeingia, hata mama aliyekuja kuomba ruhusa ya mwanawe mgonjwa, alikitazama kwanza, kisha akatutazama sisi.

Nieleze kidogo mimi ni nani, maana bila hilo mtu hataelewa nilivyokuwa kipofu. Mimi ni mtoto wa Ngokolo. Baba yangu aliuza vitambaa mjini, na nyumbani tulisema Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Nilikuwa nimefundisha watoto wa Kisukuma miaka kumi na miwili na Kisukuma changu kilikuwa kimeishia kwenye salamu ya asubuhi, "mwangaluka". Mtu akiongeza neno la pili nacheka tu na kutikisa kichwa. Kila siku jioni narudi zangu mjini. Mambo ya kijijini nilikuwa nayasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Lakini kufundisha nilikuwa najua, wallahi. Kabla ya kinyago, somo la Hisabati nililifundishia nje. Tulikuwa tunachukua kamba tunapima shamba la pamba la shule, mtoto huyu anashika huku, yule kule, tunapigizana kelele mpaka mwalimu mkuu anachungulia dirishani. Mwaka huo darasa la sita lilikuwa na msichana mmoja, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye hakukubali kitu mpaka akijue kilikotoka. Nikisema eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, wenzake wanaandika. Yeye ananyoosha mkono. "Madam, kwa nini nusu?" Siku hiyo sikujibu. Nilimpa karatasi na mkasi nikamwambia atafute mwenyewe. Alikaa nayo kipindi kizima na mapumziko yote, akaikata, akaipindua, akaunganisha vipande, halafu akanijia mbio na pembetatu mbili zimelaliana zikawa mstatili. Alikuwa anacheka peke yake. Nilikwenda nyumbani siku ile nina furaha ya kipuuzi, nikamsimulia mume wangu habari za pembetatu mpaka akaniomba nimwache ale.

Kilipokuja kinyago, hayo yote yakaisha. Mwalimu mkuu aliniita akasema, "Mama, mambo ya kamba basi. Nataka wastani." Wala sikubishana. Nilikuwa na hasira zangu mwenyewe za kuchekwa njia nzima. Tukatafuta mitihani ya miaka ya nyuma, tukaitolea nakala, na darasa la saba likaanza kufanya mtihani asubuhi, kusahihisha mchana, kufanya mwingine alasiri. Tunakariri. Swali likianza na maneno haya, jibu lake ni lile. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa darasa la saba, aliponyoosha mkono na "kwa nini" yake nikamwambia, tena mbele ya darasa zima, "Mama, kwa nini haiji kwenye mtihani. Usifikirie. Fuata." Nililisema kwa utani na darasa likacheka. Naye alicheka kidogo, akaushusha mkono, na sikumbuki kama aliunyanyua tena.

Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio wa wilaya, yeye alikuwa wa kwanza shuleni na wa tatu kata nzima. Nyuma yake kulikuwa na shimo. Kuna watoto wachache waliokuwa wanasuasua katikati, na wengine hata kusoma sentensi moja walikuwa wanahangaika. Mwalimu mkuu alikaa na matokeo yale na orodha ya namba za mtihani, akakuna kichwa, akaniambia nifunge mlango. Namba zilivyopangwa, yule msichana angekaa kiti cha kwanza cha mstari wa kati. Nyuma yake wangekaa watoto saba.

"Hao saba," akasema, "wakimwona huyu mmoja, tumetoka."

Nasema ukweli wangu, hakuna aliyenilazimisha. Mimi ndiye niliyezitunga zile ishara. Mtihani wa darasa la saba ni wa kuchagua: A, B, C, D, E, unasiliba kiduara kwa penseli. Basi nikapanga hivi. Akisiliba A, anagusa sikio la kulia. B, sikio la kushoto. C, anakuna kisogo. D ni bega la kulia, E bega la kushoto. Anakwenda swali kwa swali, na akimaliza kumi anakohoa ili aliyepotea ajipate. Na msimamizi? Msimamizi ni mwalimu mwenzetu kutoka shule nyingine, naye ana darasa lake la saba kwao na mwalimu wa shule nyingine analisimamia. Hakuwa na haja ya kutazama masikio ya watoto.

Watoto wa darasa la saba walikuwa kambini, yaani wanalala shuleni wiki zile za mwisho, wazazi wanaleta mahindi na maharage. Kila siku baada ya uji niliwapanga wanane hao kwenye chumba cha stoo tukafanya mazoezi. Nikakuta nafundisha tena kwa moyo, Mungu anisamehe. Walikuwa wananifurahisha walivyokuwa wepesi. Watoto niliowafundisha hesabu za sehemu miaka mitatu wasielewe, walizishika zile ishara kwa siku mbili.

Mmoja wa wale saba, aliyekaa nyuma yake kabisa, alikuwa mvulana mwenye akili ya polepole. Hakuwa mjinga. Ukimpa muda, anafika. Aliniuliza, "Madam, na kama mimi nimepata B na yeye ameonyesha D?" Nikamwambia, "Wewe na yeye nani aliongoza moko?" Akasema yeye. "Basi futa yako."

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, baba yake yule msichana alikuja kambini. Mzee mstaarabu, kavaa koti juu ya shuka, akatusalimia walimu mmoja mmoja. Alileta kikapu cha michembe, viazi vile vikavu, cha bintiye, na kingine cha walimu. Tukamshukuru sana. Akaomba kuongea na mtoto wake, wakaenda kusimama kule kwenye matundu ya vyoo, wanaongea Kisukuma, nami nilikuwa natafuna michembe yake huku nikimwambia mwenzangu, "Umeona mzazi anayejali elimu?"

Jumatatu yule msichana alikuja ofisini. Alisimama mlangoni. "Shikamoo madam." Nikaitikia marahaba bila kuinua kichwa, nilikuwa nahesabu penseli. Akasema, "Madam, nilikuwa na shida." Nikamtazama nikaona uso umemsinyaa, nikasema moyoni ni woga wa mtihani, wote wanakuwa hivyo. Nikamuuliza haraka haraka, "D ni nini?" Akagusa bega la kulia. "E?" La kushoto. "Safi. Hakuna shida hapo. Nenda kapumzike." Akasimama kidogo, akaondoka.

Mtihani ulifanyika siku mbili. Sisi walimu wa shule huwa haturuhusiwi kusogea, kwa hiyo nilikaa chini ya upenu wa ofisi, mbali, natazama madirisha. Nilikuwa nasikia kikohozi. Kila niliposikia kile kikohozi nilisema moyoni, kumi zimepita, alhamdulillahi.

Matokeo yalipotoka niliyafungua kwenye simu, mtandao unazunguka weee mpaka nikataka kuitupa. Nikashuka na kidole mpaka namba yake. Daraja E, la mwisho kabisa. Nikasema hii ni namba ya mtu mwingine. Nikatazama ya nyuma yake. E. Nyuma yake, E. Wote wanane, masomo yote sita, E mstari mmoja mpaka chini, na watoto wa mistari ya pembeni, ambao hatukuwa tumewasaidia kwa lolote, wana C zao na D zao. Kwa mara ya pili tukawa wa mwisho. Nilipandwa na mori, sijapata kuona. Nilijua amenifanyia kusudi. Kwamba amenikomoa. Nikaita bodaboda hapo hapo.

Nyumbani kwao nilimkuta anapepeta choroko uani. Baba yake hakuwepo. Nikamwambia tutoke tukazungumze, tukaenda nyuma ya zizi. Zizini kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko nilivyotegemea, na wengine walikuwa bado wanasukumana pembeni, hawajazoeana na wenzao. Sikuliuliza hilo. Nilikuja na langu.

"Umenifanyia nini?" nikamuuliza. "Nimekukosea nini mimi?"

Akaangalia chini. "Hujanikosea, madam."

"Sasa?"

Akanieleza kwa ile sauti yake ya chini, kama mtu anayesoma mgawanyo wa zamu. Baba yake alimwambia siku ile ya michembe kwamba asifaulu. Kuna watu wameshaleta ng'ombe wa kwanza wa mahari. Akifaulu, jina linatoka, serikali inamdai mzazi mtoto aende sekondari, na asipopelekwa mzazi anafungwa. Akifeli, hakuna anayemuuliza. Alimwambia akifaulu asirudi nyumbani, na mama yake naye ataondoka pamoja naye. Kijijini kila mtu anajua binti anaweza kuambiwa hivyo. Mpika uji wetu alikuwa anajua. Mimi na mwalimu mkuu, watu wa mjini, ndio tulikuwa hatujui.

"Kwa hiyo ukasiliba ovyo."

Hapo akainua uso, na nikaona nimemuudhi. "Sikusiliba ovyo, madam. Ukisiliba ovyo unaweza kupata. Nilikuwa natafuta jibu kwanza. Nikilipata, nasiliba jingine." Akafikiri kidogo. "Sayansi kuna swali moja sikulijua. Hilo nilibahatisha, nikamwomba Mungu nikose."

Nimesahihisha maelfu ya madaftari maishani na sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyejua kila kitu. Huyu alikuwa mbele yangu, miguu ina vumbi la choroko, na karatasi inasema hajui hata moja.

"Na wenzako?" nikamuuliza. "Wale saba? Si ungesiliba yako ya uongo, wao ukawaonyesha ya kweli?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Hilo lilikuwa halijampitia kichwani. Mtoto aliyeikata pembetatu akaigeuza mpaka ikasema siri yake, hili halikumpitia.

"Madam, baba alisema nikosee. Wewe ulisema nionyeshe ninachosiliba. Nikafanya yote mawili." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Ulisema nisifikirie, nifuate."

Nililia pale, sina haya ya kusema. Yeye ndiye aliyenibembeleza. Akaniambia alikuja ofisini kutaka kunieleza. Nikamwambia najua, nakumbuka.

Baba yake aliporudi akanikaribisha vizuri sana, akataka nichinjiwe kuku. Nikaanza kumweleza kwamba mtoto huyu ana akili, hajapata kutokea shuleni kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, si mtihani umesema hana?" Mzee anajua alichokifanya na anajua kwamba mimi najua, na bado swali lake sikuweza kulijibu, kwa sababu miaka yote mimi ndiye niliyewaambia wazazi kwamba mtihani ukishasema umesema.

Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Akaniuliza kama binti ni mwanafunzi. Nikasema amemaliza. Amechaguliwa? Hapana. "Sasa mwalimu, unataka nimkamate nani, kwa kosa la kumzuia asiende wapi?" Nikasema ni mtoto. Akasema lete cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho, nusu ya darasa hawakuwa nacho. Akaniahidi atafuatilia, na kwa namna alivyolifunga daftari nilijua hatafuatilia.

Mlango uliobaki ulikuwa mmoja. Afisa wa elimu alikuja shuleni kuhoji ilikuwaje mtoto wa tatu kata nzima kwenye moko apate E masomo yote. Akasema jambo hili si la kawaida, kama tuna maelezo tuyaandike, yeye atayafikisha juu, labda mtoto aangaliwe upya. Labda. Alitoa karatasi akaisogeza kwangu. Lakini alikuwa ameshaona pia kwamba wanane wa mstari mmoja wamekosa pamoja. "Na hili mtalieleza humo humo," akasema.

Mwalimu mkuu alisubiri atoke nje kupokea simu. "Mama," akaniambia, "ukimwandika huyo mtoto, unatuandika na sisi. Unajua kitakachofuata." Nilikuwa najua. Kazi inakwenda, na labda na jela juu. Nilikuwa na wanangu wawili shuleni na mume ambaye biashara yake ilikuwa imelala. Najieleza hivyo hata leo, na kila nikijieleza naona ni maneno ya kweli na hayanisaidii kitu. Afisa aliporudi nikamwambia mtoto aliumwa siku za mtihani. Malaria. Na wale wengine ni wazito tu. Akaandika malaria.

Akaolewa kabla pamba haijaanza kuvunwa. Sikwenda.

Yule mvulana wa nyuma yake nilikutana na mama yake. Akaniambia kijana amekwenda Geita, kwenye mashimo ya dhahabu, anavuta mawe kwa kamba. Akanieleza pia jambo ambalo sikulitaka. Kwamba mtoto alirudi kutoka kwenye mtihani akasema alikuwa amepata mengi yeye mwenyewe, akayafuta. Alifuta mpaka karatasi ikataka kutoboka. Mama alikuwa ananieleza huku anacheka, kama watu wanavyosimulia ujinga wa watoto wao, na mimi nikacheka naye. Nifanyeje?

Mwaka uliofuata tulipanda. Tulipanda vizuri, tukaitwa mbele kwenye kikao, safari hii kupewa cheti. Nilipokea cheti kwa mikono miwili.

Wiki chache baadaye nilikuwa sokoni Maganzo, nimeshuka kununua dagaa, nikasikia mtu ananiita madam. Alikuwa yeye. Mtoto mgongoni, ndoo ya nyanya mbele yake. Amekuwa mtu mzima usoni, shingo ile ile nyembamba. Akapiga goti kidogo kunipa shikamoo, nikamzuia. Nikamshika mtoto mguu, nikasema maneno yale ya kusema, mashallah, amefanana na nani. Akanichagulia nyanya akakataa kulipwa.

"Nimesikia mmefaulisha," akasema.

"Tumefaulisha."

"Wangapi, madam?"

Nikamwambia. Akafurahi. Alifurahi kabisa, meno yote nje, kama shule ni yake. Halafu akapunguza sauti, akasogea ili mwanamke wa meza ya pili asisikie.

"Safari hii mbele mlimweka nani?"

Ningeweza kusema hatukumweka mtu. Alikuwa ananitazama anangoja, kwa yale macho ya kutaka kujua.

"Mvulana," nikamwambia. "Mwalimu mkuu alisema tuchague mvulana."

Akatikisa kichwa kukubali, akampandisha mtoto mgongoni.

"Hapo mmefanya vizuri, madam," akasema. "Mvulana hawezi kuambiwa akosee."